Mkono wa Naliaka Haujafika Sikioni

Tuwan, Kitale
7 Septemba 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ya Kitale, ambayo inaamka mapema kuliko jogoo. Mimi ni mzima na saloni yangu ni nzima. Kaka yangu Levi ni mzima pia: alipita hapa Jumanne, akala chakula cha watu wanne, akasema amekonda kwa sababu ya mawazo. Goti lako je? Na yule kuku wako mweusi bado anataga kwenye kiti cha wageni?

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Lakini kila nikipiga, anayepokea ni Naliaka, na hata ukimnyang'anya anasimama hapo kando ametega masikio. Ulisahau? Mwezi uliopita nilikunong'onezea kwamba nywele za mke wa pasta ni wigi, na Jumapili iliyofuata binti yangu akamuuliza mke wa pasta, mbele ya kanisa zima, akienda kulala nywele anaziweka wapi. Sasa nina jambo linalomhusu yeye mwenyewe na sitaki litangazwe kabla hatujakubaliana. Barua hawezi kusoma bado. Nimempa Bethwel wa gari la mizigo, ataileta pamoja na sukari na sabuni.

Jambo lenyewe ni hili. Januari nataka Naliaka aje aanze gredi ya kwanza hapa Kitale. Shule ninaiona nikisimama mlangoni pa saloni, watoto wana sweta za kijani na mwalimu mkuu, Bwana Kiplangat, anawasimamia langoni kila asubuhi kama ng'ombe wanaoingia kwenye josho. Nitaenda kumwona. Najua Naliaka yuko PP1 hapo kwa nasari ya kanisa na kwamba anatakiwa kwenda PP2 kwanza. Ataruka hiyo PP2. Mtoto anayeweza kuuliza swali la wigi hawezi kupotezewa mwaka mzima akipaka bata rangi.

Tafadhali usiniandikie kwamba haraka haraka haina baraka. Najua iko tayari kwenye ncha ya kalamu.

Mwanao,
Fridah


Sirisia
21 Septemba 2025

Fridah mwanangu,

Barua imefika, na sabuni. Sukari imefika ikiwa imefunguliwa pembeni. Mwambie Bethwel Mungu anamwona, na mimi pia. Goti langu linatabiri mvua vizuri kuliko watu wa redio, nafikiria waniajiri. Kuku mweusi bado anataga kwenye kiti cha wageni kwa sababu wageni wenyewe hawaji. Nyumbani wote tu wazima, kwa maana ya mimi na Naliaka.

Nimesoma jambo lako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa chini.

Naliaka hajafikisha miaka sita. Mimi nilikuwepo alipozaliwa. Wewe pia ulikuwepo, ingawa ulikuwa umefumba macho ukinitukana. Ulikuwa mwaka wa korona, mwezi wa tano, tunapalilia mahindi barakoa zikiwa shingoni, na ndiyo maana tukamwita Naliaka kama mtoto yeyote wa Kibukusu aliyekuja wakati wa palizi. Januari atakuwa na miaka mitano na miezi kadhaa. Gredi ya kwanza ni ya miaka sita. Serikali inasema hivyo, mimi nasema hivyo, na sikio lake linasema hivyo.

Sikio unalijua. Mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili. Mkono ukifika, aende shule. Usipofika, akae nyumbani ale viazi. Sisi sote tuliingia darasani kwa mlango huo, kabla ya hivi vyeti vyenu. Nimempima leo baada ya kanisa. Vidole vimeishia juu ya utosi kama mtu anayetafuta chawa.

Kumbuka Levi. Nilimpeleka na miaka mitano kwa sababu alikuwa ananimaliza hapa nyumbani, na darasa la kwanza alilikariri mpaka mwalimu mgeni akadhani ni sehemu ya samani. Halafu kumbuka mzee Wakoli, jirani yetu. Alianza shule amechelewa mpaka ana ndevu, akawa ananyoa kabla ya gwaride. Mwisho wake alikuwa karani wa chifu, na mwandiko wake mpaka leo watu wanauonea wivu. Shule haijawahi kumkimbia mtu.

PP2 ya kanisa ipo hapa hapa, nikipika naisikia ikiimba. Mwache.

Haraka haraka haina baraka. Nimeiandika kwa sababu umenikataza.

Mama yako anayejua tarehe,
Edah


Tuwan, Kitale
5 Oktoba 2025

Mama mpendwa,

Natumaini goti limetulia na wageni wamepatikana, hata kama ni wauza dawa za mende. Hapa mvua inatuadhibu. Mteja anatoka kwangu nywele zimenyooka, akifika kona zimerudi zilikotoka, na anarudi kunitazama mimi badala ya mawingu.

Kuhusu sikio: Levi alilishika la kwake akiwa na miaka mitano na bado analishika, na ukimuuliza saba mara nane anatoka nje kupokea simu ambayo haijalia. Masikio hayajui kitu, Mama. Jirani yangu Jepkoech ana mtoto, Kigen, miaka mitano tu, na tayari yuko gredi ya kwanza. Anaongea Kiingereza na kila kitu kwenye ploti hii, hata mbuzi. Mbuzi anamsikiliza. Jepkoech akimwona mtoto wake anapita hunitazama mimi, halafu huniuliza wangu yuko wapi. Nikimjibu yuko kwa nyanya yake anasema, "Aa, sawa," na hiyo "aa, sawa" yake sitaki kuisikia tena maishani mwangu.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Nitamwambia Bwana Kiplangat kwamba Naliaka alizaliwa wakati wa kuvuna, mwaka uliotangulia. Hapo miaka sita imepita na miezi imebaki juu. Akiuliza cheti, kinakuja, kama vyeti vya nusu ya Wakenya. Kiplangat ni Mkalenjin. Mambo ya palizi na mavuno ya Wabukusu atayajulia wapi? Kwake Naliaka ni jina tu.

Swali moja dogo kabla sijafunga. Huwa ananiulizia? Hata kidogo tu, labda akila mkate. Usinipambie.

Mwanao,
Fridah


Sirisia
9 Novemba 2025

Fridah mwanangu,

Usinikasirikie kwa kunyamaza. Mahindi yalikuwa shambani, halafu yakawa uwanjani yanaanikwa, halafu mvua ikaja tukayakimbiza ndani, halafu ikaacha tukayarudisha nje. Goti pia. Na kulikuwa na harusi ya binti wa mwenyekiti wa kina mama, ambapo keki ilikatwa vipande vidogo hivi kwamba tulidhani ni ushirika mtakatifu. Barua yako ilikuwa chini ya Biblia, kwa hiyo ilikuwa salama.

Naliaka hajambo. Sasa anahesabu mayai mpaka ishirini, akifika kumi na nne anaruka kwa sababu anasema kumi na nne ni jina baya. Anajua mbuzi gani ana mimba kabla yangu. Anapenda kulala akiwa ameshika kidole changu kikubwa cha mkono, na nikijigeuza ananiambia, "Kukhu, rudi mahali ulikuwa." Bado anaogopa giza la choo. Mimi husimama nje nikimwimbia mpaka amalize, na yeye akiwa ndani hunisahihisha maneno ya wimbo.

Sikio nimelipima kila Jumapili. Mkono haujafika.

Huo mpango wako wa mavuno sijaupenda. Njia ya mwongo ni fupi, na yako naona ina utelezi pia. Mtoto anaitwa Naliaka! Ni kama ungetembea na ng'ombe ukisema ni baiskeli. Kwa nini una haraka hivyo? Mwaka mmoja ni kitu gani? Niambie ukweli, mimi ni mama yako.

Lile swali lako la mwisho sikuliona vizuri. Mwandiko wako umeharibika siku hizi.

Nakutumia ndizi. Zile kubwa ni za kupika, usizichanganye kama Pasaka iliyopita.

Mama yako,
Edah


Tuwan, Kitale
23 Novemba 2025

Mama,

Salamu. Sote wazima.

Ndizi zako zilisahaulika Kimilili kwa Bethwel siku nne. Zimefika zikiwa pombe. Levi amekula zote na amelala.

Mwandiko wangu ni uleule uliokuwa unawaonyesha kina mama wa kanisa wauone. Lakini nitakusaidia, nitaandika kwa herufi kubwa: JE, NALIAKA ANANIULIZIA?

Unataka kujua kwa nini nina haraka. Kwa sababu shule zinafunguliwa Januari. Ni hivyo tu, hakuna kingine.

Nitakuja Krismasi na unga wa ngano. Nikirudi Kitale, nitarudi naye. Hakuna mtu, Mama, hata wewe, anayeweza kusimama mbele ya watu aseme anamkataza mtoto kwenda shule. Nimekushika hapo na unajua.

Fridah


Sirisia
4 Januari 2026

Fridah mwanangu,

Nashukuru mlifika salama, Bethwel amepita kunieleza. Amesema Naliaka alitapika Kimilili na kwamba alikutapikia wewe. Pole. Ni chapati, alikula sita.

Krismasi ilikuwa nzuri. Tuliimba, tulikula, hatukugombana mbele ya wageni. Asante kwa unga.

Sina neno la zaidi. Kuku mweusi amerudi kwenye kiti, hakuna wa kumfukuza.

Hakikisha anakula mboga kabla ya nyama, ukigeuza umeshindwa. Usiku anataka kidole. Chooni umngoje nje, na uimbe. Kama hujui wimbo, yeye atakufundisha.

Kesho kutwa mkienda kwa huyo Kiplangat, usimhangaishe mtoto na maneno mengi. Akiambiwa ashike sikio, mwache ajaribu mwenyewe. Mungu ndiye anapanga.

Mama yako,
Edah


Tuwan, Kitale
11 Januari 2026

Mama mpendwa,

Kaa chini. Sogeza kuku.

Jumanne nilimwamsha Naliaka, nikamsuka, nikampaka mafuta mpaka angeweza kuonekana kutoka Bungoma mjini. Njiani nilimkaririsha: "Ulizaliwa lini?" "Wakati wa kuvuna." "Wakati gani?" "Wa kuvuna!" Aliimba hivyo mpaka langoni. Nikajisemea, Fridah, una kipaji.

Bwana Kiplangat ni mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimweleza kwamba nimeleta mtoto wa gredi ya kwanza, miaka sita imepita, cheti kinakuja. Akaitikia tu. Kisha akamgeukia Naliaka.

"Unaitwa nani, mama?"

"Naliaka."

Akavua miwani. Akaniangalia mimi, akamwangalia yeye.

"Sasa Naliaka, ulizaliwa wakati gani?"

"Wakati wa kuvuna," akasema. Halafu, kwa sababu wewe umemlea vizuri, akaongeza, "Fridah ndiye alisema niseme hivyo."

Nilikohoa. Yule mzee hakucheka. Akasema, "Madam, bibi yangu mimi anaitwa Nekesa. Ni wa Kimilili. Huyo ndiye alizaliwa wakati ya kuvuna, na hiyo jina nimelala nayo miaka thelathini. Naliaka ni ya palizi. Mimi mwenyewe naitwa Kiplangat kwa sababu nilizaliwa jioni. Wewe ungeniletea Kiplangat wa asubuhi, ningekupatia hata kiti?"

Mama, nilitaka sakafu ifunguke, lakini ni ya saruji.

Nikajaribu mlango wa pili. Nikamwambia huyu mtoto hata kama miezi imepungua kidogo, akili imezidi, ajaribiwe tu. Yule mzee ni wa kizamani kama wewe. Akasema, "Haya Naliaka, pitisha mkono juu ya kichwa ushike sikio."

Naliaka akapitisha mkono, akaukunja kiwiko hivi, akaufikisha kwenye paji la uso, akauacha hapo. Ulikuwa mkono wa mtu aliyefundishwa.

"Nyosha bana, si unaweza?" Bwana Kiplangat akamwambia.

"Kukhu alisema nisifikishe," Naliaka akajibu. "Alisema nikifikisha nitaondolewa kwake."

Sasa mzee akacheka. Alicheka mpaka karani akachungulia. "Huyu mtoto ako na mawakili wawili," akasema, "na wote wawili wamemwangusha." Akamwambia ajaribu tena, bila Kukhu na bila Fridah. Naliaka akauma ulimi, akajinyoosha kwa nguvu zake zote, akasimama hata na vidole vya miguu. Haukufika, Mama. Ulipungua kidole kimoja. Ulimfundisha mtoto kufeli mtihani ambao angeufeli bure!

Ningekuandikia haya yote nikicheka, na sehemu hiyo nimecheka kweli, ila kulikuwa na jambo moja zaidi. Alipomaliza kucheka, Bwana Kiplangat akamuuliza Naliaka, kwa upole tu, kama mtu anavyouliza mtoto, "Na huyu aliyekuleta ni nani?"

"Ni Fridah."

"Fridah ni nani wako?"

Naliaka akafikiria. Unamjua akifikiria, ana ile sura ya kuhesabu mayai. Akasema, "Ni mtoto wa Kukhu."

Bwana Kiplangat akaanza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mfukoni mwake.

Iliniuma, Mama. Sijui niseme namna gani nyingine. Hakukosea, mimi ni mtoto wako, na hapo Sirisia amesikia watu wakikuita wewe Mama Fridah tangu azaliwe. Hapa Tuwan mimi naitwa Fridah wa saloni. Hakuna mtu aliyewahi kuniita Mama Naliaka, hata mara moja, na nilifikiri akivaa sweta ya kijani, na mimi nikisimama langoni kumchukua saa ya kutoka, basi watu wangeanza. Hiyo ndiyo haraka yangu uliyoiuliza. Haikuwa gredi ya kwanza. Gredi ya kwanza ndicho kitu pekee nilichojua huwezi kunikatalia.

Mzee amesema Naliaka aende PP2 mwaka huu, na gredi ya kwanza aje Januari ijayo. PP2 wanayo pale, lakini amesema hata ya nyumbani ni sawa, "kama nyanya yake bado ako na nguvu ya kufundisha uwongo." Kwa hiyo umeshinda. PP2 ya kanisa iko mlangoni pako na sababu yangu imekwisha. Niambie siku ya kumrudisha.

Usiku ananishika kidole, kwa sababu hakuna kingine cha kushika. Chooni niliimba, akaniambia ninyamaze, nasumbua watu.

Fridah


Sirisia
18 Januari 2026

Kwa Mama Naliaka,

Salamu zitangoja, leo naanza na jambo lenyewe.

Usimrudishe.

Nataka arudi. Nimeiandika, isome tena. Tangu mwondoke nasonga ugali wa watu wawili kila jioni, kwa mazoea, na nusu anakula mbwa, na sasa mbwa ananiamini kuliko anavyostahili. Nyumba hii tangu baba yenu afe haikuwa na sauti mpaka ulipokuja na tumbo lako mwaka wa korona ukaniachia ile kelele. Nimeipenda hiyo kelele kuliko nilivyowapenda ninyi wawili mkiwa wadogo, na Levi asisome hapa. Kwa hiyo sikio nililipima, ndiyo, kila Jumapili, na kila Jumapili niliogopa litashikwa. Mwezi wa kumi na mbili nikaona vidole vinasogea, nikaamua kumsaidia Mungu. Huyo Kiplangat mwambie nguvu ninazo.

Umeniuliza mara mbili kama anakuulizia. Mwandiko wako ni mzuri, nilikuwa naona. Anauliza. Alikuwa anauliza, "Fridah atakuja lini na mkate?" Sasa ningekuandikiaje hiyo? Ningeandika mkate au ningeandika Fridah? Nikaamua kutoandika chochote, nikailaumu kalamu yako.

Sasa sikiliza. Gredi ya kwanza inaweza kungoja mwaka, haina moyo wa kuumia. Lakini wewe ukingoja mwaka mwingine, mtoto atakuja kwako na miaka sita na nusu, mkono umefika sikioni, anasoma, anaandika, na bado wewe utakuwa mtoto wa Kukhu. Mpeleke hiyo PP2 ya kwa Kiplangat. Yeye apake bata rangi, wewe usimame langoni. Mwaka huu wa nasari ni wako, Fridah. Unaanza shule na miaka thelathini na moja, umechelewa, una ndevu kama Wakoli. Wakoli alimaliza.

Lakini usimfundishe kukuita mama. Umemfundisha mavuno na umeona. Akikuita, atakuita mwenyewe, siku ambayo hujajipaka mafuta.

Likizo ya Aprili ni yangu. Hiyo sijadiliani.

Nimempa Bethwel viazi na sweta ya kijani niliyoifuma. Niliianza Septemba, uliponiandikia. Usiniulize kwa nini niliianza.

Mama yako,
Edah


Tuwan, Kitale
15 Februari 2026

Mama mpendwa,

Habari za goti? Hapa jua limetoka na wateja wamenisamehe. Levi amepata kazi kwa siku tatu na amepumzika kwa siku tano. Viazi tulikula. Sweta ni kubwa, itamfaa mpaka gredi ya kwanza, nafikiri ulikusudia.

Kwenye PP2 anaendelea vizuri. Amepaka bata rangi nyeusi, mwalimu akamwambia bata si weusi, akamjibu kwamba huyo ni kuku wa Kukhu na amekaa kwenye kiti. Anaandika herufi ya kwanza ya jina lake na ya kwanza ya lako. Ya kwangu anasema bado ni ngumu. Saa ya kutoka mimi husimama langoni na kina mama wengine. Wiki ya kwanza alinipita mara mbili, akaenda kusimama na Jepkoech kwa sababu Jepkoech ana miwa.

Sikumfundisha kitu. Nakuapia.

Choo cha ploti yetu kiko mwisho wa ua, unakijua, kile chenye mlango wa bati. Kila siku nilikuwa nasimama nje, nikikatazwa kuimba. Jana jioni alienda peke yake. Hakuniambia, nilimwona tu akipita na kandambili zangu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi namsuka mteja, nguo zangu ni zile za kazi, kichwani nimefunga kitambaa cha mwaka juzi. Jepkoech alikuwa anachagua mchele na wengine watatu wanafua.

Tukasikia kutoka chooni, kwa sauti ile yake ya kutangaza:

"Mamaaa! Leta karatasi!"

Mama, ploti hii ina kina mama watano. Wengine wote waliinua vichwa. Mimi niliendelea kusuka. Nakuambia ukweli, sikujua kama kuna mtu angeweza kuwa ananiita mimi.

"Mamaaa! Si nyinyi! Mama yangu!"

Jepkoech akanipiga kofi begani. "Mama Naliaka, si ni wako anakuita? Unangoja nini?"

Niliruka. Nilimwachia mteja kitana kichwani, nikapindua beseni la mtu, nikakimbia ua mzima kama mwizi. Nilifika mlangoni nikihema, nikasema, "Niko hapa."

Na karatasi sikuwa nayo. Niliisahau.

Mwanao,
Mama Naliaka